Tuwashukuru Wangali Hai: Funzo la Mchungaji wa Atlanta

Sisi watu wa mwambao tunasifika kwa kuwaheshimu wanavyuoni wetu. Tunawabusu mikono, tunawapisha mbele katika kila hafla, na mtoto aliyelelewa vyema hampiti maalimu wake njiani bila ya kusimama na kumpa mkono. Walakini, tukijihesabu kwa haki tutaona kwamba shukrani yetu kubwa huanza siku ya maziko. Imamu akiisha kufa ndipo msikiti unapofurika hata watu wakasali barabarani. Ndipo wanaposimama mmoja baada ya mmoja kueleza jinsi marehemu alivyowasomesha, alivyowaoza na alivyowazikia wazazi wao. Ndipo michango inapotoka. Yeye mwenyewe, aliyesalisha watu miaka thelathini, hakulisikia hata neno moja katika hayo.

Huenda msomaji akastaajabu kuona kwamba, ili kulijadili jambo hili, nitazungumza habari za mchungaji wa Kibaptisti wa huko Marekani. Asistaajabu. Hapa hatuzungumzi itikadi. Kila mtu na dini yake. Tunazungumza adabu ya watu kwa yule anayewatumikia, na adabu njema haina mwenyewe.

Mtoto wa mkulima maskini

Mchungaji huyo ni Martin Luther King mkubwa, baba yake yule King mashuhuri aliyepigania haki za watu weusi. Wengi wetu tunamjua mwana, baba hatumjui. Alizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 huko Stockbridge katika jimbo la Georgia, na jina lake la kwanza lilikuwa Michael. Wazazi wake walilima ardhi isiyokuwa yao na kugawana mavuno na mwenye shamba, hali ambayo maskwota wa Pwani hawana haja ya kuelezwa.

Alipokwenda mjini Atlanta akiwa kijana, kusoma kwake kulikuwa kwa kubahatisha. Akaingia darasani tena, mtu mzima pamoja na watoto, na wala hakuona haya. Aliendelea hivyo mpaka akahitimu chuo cha Morehouse mwaka 1930. Mnamo 1926 alikuwa amemwoa Alberta Williams, binti ya mchungaji wa kanisa la Ebenezer, kanisa lililoanzishwa mwaka 1886. Mkwewe, A. D. Williams, alilichukua kanisa hilo mwaka 1894 likiwa na watu wachache tu, akalikuza kwa miaka 37. Alipofariki mwaka 1931, mkwe alishika mahali pake.

Mwaka huo haukuwa mwaka wa raha. Dhiki kuu ya uchumi ilikuwa imeikumba Marekani, watu wamefukuzwa kazi, na kanisa lenyewe lilikuwa katika shida ya fedha. King alilikusanya upya, mkono kwa mkono, akalitoa katika dhiki ile. Mwaka 1934 alisafiri mpaka Bara la Shamu, kwenye miji mitakatifu, kisha Ujerumani kuhudhuria mkutano wa Wabaptisti wa dunia. Baada ya safari hiyo ndipo yeye na mwanawe walipoanza kuitwa Martin Luther.

Alilitumikia kanisa hilo moja kwa miaka 44, tangu 1931 hata 1975. Katika miaka ya 1930 aliwaongoza watu wake kudai haki ya kupiga kura, na akasimama pamoja na walimu weusi wa Atlanta waliokuwa wakilipwa mshahara mdogo kuliko wenzao weupe kwa kazi ile ile. Mwanawe amesimulia kwamba siku moja baba yake alisimamishwa na polisi akiwa ndani ya gari, na polisi akamwita kwa neno la kumwitia mtoto. Mzee akamwonyesha mwanawe aliyekaa pembeni, akasema kwamba mtoto ni huyu, yeye ni mwanamume, na asipoitwa hivyo hatasikiliza. Wazee wetu waliofanya kazi majumbani mwa Wazungu zama za ukoloni wanalijua neno hilo. Hapa kwetu liliitwa "boi", na mtu mwenye mvi na wajukuu aliitwa hivyo hivyo mbele ya wanawe.

Msiba juu ya msiba

Mwaka 1960 mwana alirudi Atlanta akawa mchungaji pamoja na baba yake. Tarehe 4 Aprili 1968 aliuawa kwa risasi mjini Memphis. Mwana wa pili, A. D., ambaye naye alikuwa mchungaji, alishika nafasi ya nduguye katika kanisa la baba yao. Mwezi Julai 1969 alikutwa amekufa ndani ya bwawa la kuogelea nyumbani kwake. Kisha, Jumapili ya tarehe 30 Juni 1974, kijana mmoja aliingia kanisani wakati wa ibada akampiga risasi Bibi Alberta, aliyekuwa amekaa akipiga kinanda. Akafa, na pamoja naye akafa shemasi mmoja wa kanisa.

Katika miaka sita mzee huyu alizika wana wawili na mke, na mke aliuawa ndani ya nyumba ile ile ya ibada aliyoitumikia. Na bado alisema wazi kwamba hatampa mtu yeyote nafasi ya kumfanya aishi kwa chuki. Aliyemuua Bibi Alberta alihukumiwa kufa. Baadaye, mwaka 1995, adhabu hiyo iligeuzwa kuwa kifungo cha maisha, na mojawapo ya sababu ni kwamba jamaa wa King wenyewe hawakutaka auawe. Sisi tuliofunzwa kwamba subira ndiyo ufunguo wa faraja, na kwamba mwenye haki ya kisasi akisamehe ana daraja kubwa zaidi, hatuwezi kupita mbele ya subira kama hiyo tukafumba macho.

Nasi Wakenya tuna deni dogo kwa watu hao. Mwezi Mei 1959 marehemu Tom Mboya alipokuwa akizunguka Marekani kuwatafutia vijana wetu nafasi za masomo, alikaribishwa Atlanta na chama cha King mdogo, akafanyiwa karamu ya heshima. Mwaka huo huo kanisa la Kibaptisti la Dexter, alilokuwa akilichunga King mdogo mjini Montgomery, lilikuwa miongoni mwa waliochanga kumsaidia mwanafunzi wa Kikenya. Hawakuuliza kabila lake.

Ada ya kushukuru

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Makanisa ya Kibaptisti hayana askofu wa kuwapangia mchungaji. Kila kanisa hujitawala. Waumini wenyewe hukutana, humsikiliza mtu, humpigia kura wakamwita. Na wakimchoka wana uwezo wa kumwondoa. Kwa hiyo mchungaji aliyekaa miaka 44 mahali pamoja hakuwekwa hapo na amri ya mkubwa fulani. Aliwekwa, na akaendelea kuwekwa, na wale wanaomwona kila siku: anaowatembelea wagonjwa wao, anaowazikia maiti zao, anaowasikiliza ugomvi wao wa nyumbani saa nne za usiku.

Kutokana na hali hiyo imezuka ada katika makanisa ya Wamarekani weusi. Kila mwaka huwekwa siku ya kukumbuka ujio wa mchungaji. Makanisa jirani hualikwa na kwaya zao. Mhubiri mgeni hupewa mimbari, na mwenyewe hukaa kitini pamoja na mkewe, kimya, asikilize. Wazee husema, vijana husema, wajane husema. Chakula huliwa pamoja, na mkusanyo maalumu wa fedha hukabidhiwa kwake. Akifika umri wa kupumzika hupewa cheo cha mchungaji mstaafu wa heshima. Kiti chake kinabaki, jina lake linabaki, na aghalabu riziki yake haikatiki.

King mkubwa alistaafu mwaka 1975 akiwa mzee aliyepita miaka 70, akaishi mpaka tarehe 11 Novemba 1984. Miaka tisa nzima aliitwa mzee wa kanisa na huku mtu mwingine akihutubu mahali pake. Mtu huyo, Joseph Roberts, hakuwa wa ukoo wake, na wala hakutokea katika Wabaptisti. Alitoka madhehebu ya Presbyterian. Mnyororo wa mkwe na wana ulikatika bila ya fitina, na mwenye nyumba akashuhudia kwa macho yake. Roberts naye akakaa miaka 30, hata 2005. Tangu 1894 mpaka leo kanisa hilo limeongozwa na wachungaji wakuu wanne tu, na wa nne, Raphael Warnock, aliapishwa kuwa Seneta mwaka 2021. Mahali ambapo mtumishi hushukuriwa, watumishi hawakimbii.

Je, si riya?

Najua jibu litakaloletwa. Atatokea mtu aseme: sisi tumekatazwa kusifiana usoni; kazi ya dini hufanywa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu na malipo yake yako kwake; na tena mambo haya ni ya kuiga wasiokuwa Waislamu. Hoja hizi ni nzito na zinastahiki kujibiwa kwa adabu.

Ya kwanza ni kweli. Sifa ya usoni inaweza kumharibu mtu, na huko huko Marekani yako makanisa ambayo siku ya mchungaji imegeuka mashindano ya zawadi, watu wakamtukuza mtu mpaka wakamsahau Mola. Weusi wenyewe wameyalalamikia hayo. Lakini kumsifu mtu kwa kumpaka mafuta ni jambo moja, na kumshukuru kwa wema alioutenda ni jambo jingine. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba shukrani kwa waja imefungamana na shukrani kwa Muumba, na asiyekuwa na hii ya kwanza hajaipata ile ya pili. Mwenye kukataza sifa ya uongo hakukataza kusema ahsante.

Ya pili pia ni kweli, lakini tazama tunavyoitumia. Tunasema malipo yako kwa Mungu tunapotakiwa kutoa sisi. Hatusemi hivyo tunapodai yetu. Wazee wetu hawakuelewa hivyo. Waliweka wakfu nyumba, maduka na mashamba ya minazi ili pato lake linunue mafuta ya taa na mikeka ya msikiti, na imamu na mwadhini wapate posho yao. Walijua kwamba anayeamka kabla ya alfajiri kila siku, masika na kiangazi, ana watoto wanaokula kama watoto wa wengine. Wakfu ndiyo shukrani iliyopigiwa hesabu. Pale zilipolegea, au kuingiliwa na wasiostahiki, imamu alibaki akitegemea bahasha ya leo na ahadi ya kesho.

Na ya tatu si kweli kabisa. Hatuna haja ya kuiga, maana ada ya kukumbuka tunayo. Kila mwaka Lamu hufurika wageni kwa Maulidi ya Riyadha, na nani asiyejua kwamba yamefungamana na jina la Habib Swaleh, aliyefariki mwaka 1935? Mahauli ya masharifu na masheikh husomwa pwani nzima. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Al-Islah mwaka 1932 na kuwa Kadhi Mkuu mpaka alipofariki 1947, hatajwi ila kwa rehema. Sheikh Abdallah Saleh Farsy, aliyetimiza tafsiri yake ya Qurani kwa Kiswahili mwaka 1969 na kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika hata kitabu cha kuhifadhi habari za wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki, ili majina yao yasipotee. Kwa hiyo kukumbuka tunakujua sana. Kosa letu ni moja tu: tunakumbuka waliokufa. Kaburi tunalipaka chokaa, na mzee aliye hai dari lake linavuja.

Nani anayesahauliwa zaidi

Masheikh wakubwa angalau wana wanafunzi wa kuwataja. Wanaosahauliwa ni wale wadogo: mwadhini ambaye sauti yake ndiyo saa ya mtaa mzima, mwosha maiti anayeitwa usiku wa manane na asiyealikwa harusini, maalimu wa chuo anayefundisha alifu na bee kwa watoto hamsini katika chumba kimoja, akilipwa ada isiyotosha nauli. Na zaidi ya hao, bibi maalimu. Ni wangapi kati yetu tuliohitimishwa juzuu ya kwanza katika ua wa mwanamke, kati ya kinu na jiko, huku akipika na kutusahihisha kwa wakati mmoja? Jina lake halimo katika kitabu chochote.

Hapa pia Atlanta ina la kutufunza, na si la kujivunia tu. Bibi Alberta aliendesha uimbaji na kinanda cha kanisa lile kwa miaka mingi sana. Lakini wengi nje ya kanisa lao walilijua jina lake siku alipouawa. Heshima iliyochelewa haikuwa ugonjwa wa pwani peke yake.

Tufanyeje basi

Sipendekezi karamu za fahari. Napendekeza mambo manne ambayo kamati yoyote ya msikiti inaweza kuyafanya bila ya kuvunja adabu ya dini.

Kwanza, kila msikiti na kila madrasa iandike daftari: nani alisalisha, tangu mwaka gani, nani aliadhini, nani alifundisha. Inasikitisha kuona msikiti una kumbukumbu ya aliyechangia saruji na hauna kumbukumbu ya aliyechangia umri wake.

Pili, iwekwe siku moja ya mwaka, baada ya sala, watu wasomewe dua na mtumishi wao akiwapo. Wanafunzi wake wa zamani waje, hata wale waliohamia Nairobi au Ughaibuni. Waseme mafupi, waseme ya kweli, na wamwombee umri. Anayekhofia riya na amwombee mwenziwe ikhlasi. Hilo nalo ni dua.

Tatu, shukrani iwe na kitu cha kushika. Dua haiondoi dua ya tumbo. Kama wakfu ipo, isimamiwe na hesabu zisomwe mbele ya watu. Kama haipo, ianzishwe mpya: kibanda kimoja cha kukodisha kinaweza kumtibu mwadhini mgonjwa miaka mingi baada ya waliokijenga kuondoka.

Nne, na hili ndilo gumu, tumruhusu mzee apumzike. Maimamu wetu wengi husalisha mpaka sauti inakatika na magoti yanagoma kuinuka, maana wakiacha hawana pa kutegemea. Na waumini huona haya kumwambia. Matokeo yake vijana walio tayari hungoja mlangoni mpaka kifo kifungue, na kifo kikifungua huja na ugomvi wa nani arithi. Mzee anayepumzishwa kwa heshima, riziki yake ikiwa imelindwa, humlea mwenye kumfuata kama mwanawe. Hivi ndivyo mzee King alivyokaa miaka tisa akimsikiliza mtu mwingine katika mimbari yake, na wala hakuonekana amepungukiwa.

Watu wa kanisa lile hawakumheshimu mzee wao kwa sababu mwanawe alipata sifa duniani. Duniani ndiko walikomjua kwa sababu ya mwana. Wao walimjua kwa mazishi na arusi, kwa mkopo wa siku ya dhiki, kwa mlango uliogongwa usiku ukafunguka. Hilo ndilo deni, na kila mtaa wa Mombasa, wa Malindi, wa Lamu na wa Vanga una mtu anayedai deni kama hilo bila ya kulitaja.

Basi Ijumaa hii inayokuja, tukiisha kutoa salamu, kila mmoja amtazame anayemsalisha na ajiulize: huyu akiondoka kesho, nitasema nini juu yake? Akiisha kulipata jibu, asilihifadhi mpaka siku ya jeneza. Anyanyuke, ampe mkono, amwambie.